Vipimo vinne, vidonge saba: barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya

Kwa: Mganga Mkuu wa Wilaya
Nakala: Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, Mwenyekiti wa Kamati ya Usimamizi wa Kituo cha Afya, Diwani wa kata

YAH: WAGONJWA WA PRESHA WANAPIMWA, HAWATIBIWI

Ndugu Mganga Mkuu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule na madera, na sina mazoea ya kuwaandikia wakubwa. Wala sikuanzia hapa. Nilianza na sanduku la maoni lililotundikwa nje ya chumba cha dawa; kufuli lake limeshika kutu, na ukichungulia kwenye upenyo utaiona karatasi yangu imelala pale pale. Nikaenda kwa mganga mfawidhi. Alinisikiliza vizuri, akasema atalifikisha kwenye kikao. Mei 2025 nikaleta barua ofisini kwako, karani akaigonga muhuri wa "IMEPOKELEWA", nakala ninayo. Nikarudi Juni, nikarudi tena Agosti, na mara zote mbili nikaambiwa faili liko mezani kwako. Basi leo naandika mahali ambapo kila mtu atasoma, nawe ukiwamo. Jina la kituo sitalitaja, wala la mhudumu yeyote, maana wale ni watu wetu, tunaalikana harusini na tunazikana. Wewe unakijua.

Mume wangu ni fundi wa vyombo. Amejenga na kukarabati mashua na ngalawa tangu akiwa kijana, na kalafati yake, yaani kuziba maungio ya mbao kwa pamba, inasifiwa hadi visiwani. Ana miaka hamsini na nne. Ana daftari la kituo, lile la kurasa thelathini na mbili lenye jedwali la kuzidisha nyuma, tulilonunua dukani kama anavyonunua kila mgonjwa. Ndani yake mmeandika presha yake ninyi wenyewe:

Machi 2024: 168/102.
Juni 2024: 176/104.
Septemba 2024: 182/110.
Januari 2025: 190/112.

Mtu mzima akipimwa kwa siku mbili tofauti na presha ikawa 140 juu au 90 chini, au zaidi, huyo ana ugonjwa. Hiyo haikuhitaji bingwa. Katika miezi yote hiyo kumi, dawa iliyotoka kwenye dirisha la kituo kwenda mkononi mwa mume wangu ni vidonge saba vya amlodipine, dawa ya presha. Nimevihesabu kwa sababu mhudumu alivikata kwa mkasi kutoka kwenye pakiti ya kumi, akaniambia vitatu anambakizia mwingine.

Usiku wa kumi na mbili wa Ramadhani ya 2025 tulikuwa tunakula daku. Akanyoosha mkono wa kulia achukue kikombe cha chai, kikombe kikamponyoka, akakitazama kama hakielewi. Nikamuuliza, we vipi? Mdomo ulikuwa umeshakwenda upande. Alitaka kusema neno, likatoka sauti tu. Hapo nakiri kosa letu: jirani wakasema kapigwa na upepo mbaya, akaitwa mzee wa kusoma, na saa mbili zikapotea. Kituoni tukaambiwa gari la wagonjwa halina mafuta. Tukakodi gari. Kufika hospitali ya mkoa jua lilikuwa limeshachomoza, na mashine yao ilisoma 230/130. Kiharusi. Daktari alituambia mshipa ulipasuka upande wa kushoto wa ubongo, ndiyo maana mkono wa kulia na maneno vimekwenda pamoja.

Kuna mashua aliyokuwa aishushe majini siku mbili tatu baadaye, kwenye bamvu, yale maji makubwa, la mwezi mpevu. Hadi leo iko juu ya magogo. Tezo lake la kuchongea mbao naliweka chini ya kitanda, maana akiliona analia.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Dawa.

Kila mara jibu ni moja: "Dawa hakuna, kanunue nje." Kadi ya bima ya jamii tunayo, tuliilipia elfu thelathini, na jina lake limo. Mama mkwe wangu ana miaka sabini na moja, naye ana presha. Sera inasema mzee wa miaka sitini na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure, na dirisha la wazee lipo, limepakwa rangi na kuandikwa vizuri. Nyuma ya dirisha hakuna kitu. Anapewa heshima ya kutopanga foleni, kisha anaambiwa naye akanunue nje.

Duka la dawa hapa kwetu huuza kidonge kimoja shilingi mia mbili. Kwa siku ni nafuu. Lakini fundi wa vyombo halipwi kwa siku, analipwa chombo kikiisha, na kati ya chombo na chombo kuna mwezi wa kukopa unga. Mwezi huo ndio vidonge vinapokatika. Hesabu yenyewe nimeifanya: mia mbili kwa siku ni 73,000 kwa mwaka. Gari tulilokodi usiku ule lilikuwa 120,000. Sijaweka kipimo cha kichwa, nepi za watu wazima, nauli za kwenda mazoezi ya viungo, wala miezi ambayo cherehani yangu ilikaa kimya.

2. Kliniki ya presha ni Jumanne peke yake.

Hili naliona dogo kwenye ratiba na kubwa kwetu. Pwani watu hawaishi kwa Jumanne, wanaishi kwa maji. Chombo kinapandishwa na kushushwa wakati wa bamvu, na bamvu likianguka Jumanne, fundi hawezi kumwambia mwenye chombo asubiri wiki mbili. Septemba alipewa vile vidonge saba, akaambiwa arudi Jumanne inayofuata. Jumanne hiyo alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni anashusha jahazi. Akaenda Alhamisi. Akaambiwa, siku ya presha ni Jumanne. Akageuka, na hakurudi tena mpaka Januari, kichwa kilipoanza kumgonga usiku.

3. Mashine.

Kituo kizima kina mashine moja ya presha inayofanya kazi, inayozunguka kati ya kliniki ya wajawazito na chumba cha wagonjwa wa nje. Sisemi wajawazito wapokonywe. Presha kwa mjamzito ni mlango wa kifafa cha mimba, na mtaa huu tumeshazika mama na mtoto wake siku moja. Nasema mashine moja haitoshi. Juni ilikuwa imekufa betri. Nikaenda dukani, nikanunua betri nne kwa elfu mbili, zikatiwa, mume wangu akapimwa, na waliokuwa nyuma yetu wakapimwa. Betri tuliziacha. Mkanda wake haushiki, mhudumu anaushikilia kwa mkono wakati unajaa upepo. Mwanangu, ambaye anasomea uuguzi, anasema hata namba inayotoka hapo ni ya kutiliwa shaka.

4. Hakuna aliyetueleza ugonjwa wenyewe.

Tuliambiwa "punguza mawazo, punguza chumvi." Chumvi nimepunguza. Ng'onda, samaki wa chumvi, nimeacha kupika, na papa mkavu namloweka na kumwaga maji mara tatu. Najua Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, kijiko cha chai kimoja, na ile ya kwenye mchuzi na ya kwenye mkate zote humo humo. Ni kweli inasaidia. Lakini mtu mwenye 182/110 hashuki kwa kuacha ng'onda peke yake, anahitaji dawa, na anahitaji mtu wa kumwambia kwa lugha anayoielewa kwamba dawa hiyo ni ya maisha.

Kwa sababu hapo ndipo tulipojikwaa sisi. Machi alinunua vidonge kumi nje, akameza, kichwa kikaacha kuuma, akasema nimepona. Akaendelea na kitunguu saumu na juisi ya rozela, na marafiki barazani wakamwambia ukizizoea dawa za presha huziachi, na pia zinaua nguvu za kiume. Mtu wa kumjibu angekuwa mhudumu. Mhudumu alikuwa na foleni hadi mlangoni.

Mwanangu ndiye aliyemweleza baba yake, na alimweleza baada ya kiharusi. Alimwambia hivi: baba, wewe unajua chombo kinavyoanza kuvuja. Hakianzi siku ya dhoruba. Maji yanasukuma ubao usiku na mchana, pamba inalegea kidogo kidogo kwenye maungio, na mwenye chombo yuko juu anavua, hana habari. Damu nayo ikisukuma kwa nguvu mno, kuta za mishipa zinakakamaa na kuchakaa. Ile myembamba ya ubongo inapasuka au inaziba. Moyo, kwa kupiga dhidi ya mzigo huo, unanenepa misuli, kisha unachoka, na hapo ndipo mtu anavimba miguu na kushindwa kulala chali. Figo zinaharibika vichujio vyake taratibu, hadi mtu anafika kwenye kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Macho nayo, mishipa ya nyuma ya jicho inavuja, mtu anadhani ni uzee. Na katika yote hayo hakuna kinachouma mpaka mwisho. Mume wangu alisikiliza, akatikisa kichwa, akapiga kitanda kwa mkono wa kushoto mara mbili. Alikuwa ameelewa kwa dakika tano.

5. Mgonjwa akipotea, hakuna anayemtafuta.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu hapo hapo kituoni naona linavyofanyika. Kutoka chumba cha Jumanne hadi mlango wa CTC, kliniki ya wenye virusi vya UKIMWI, ni hatua kama ishirini. Mwenye virusi vya UKIMWI ana kadi, ana faili, ana namba ya simu kwenye rejesta. Akiwa yuko imara anapewa dawa za miezi kadhaa kwa pamoja. Asipokuja siku yake anapigiwa simu, na akikaa kimya, mhudumu wa jamii anabisha hodi nyumbani kwake. Nchi hii imejifunza kumtunza mtu mwenye ugonjwa wa maisha, na imefaulu. Tulikuwa tunazika kila wiki, leo watu wale wanalea wajukuu. Nawafurahia kwa dhati. Ila naomba nielezwe kwa nini mwenye presha wa kituo hicho hicho hana rejesta, na kumbukumbu yake yote ni daftari analokaa nalo mwenyewe, ambalo likiliwa na panya basi hajawahi kuugua.

Ndugu Mganga Mkuu, najua utakayojibu, maana nimeshajibiwa.

Utasema wagonjwa wa presha hawajitambui, wanachelewa kupima. Ni kweli kwa wengi. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya wenye presha duniani hawajui kama wanayo. Hapa kwetu Tanzania utafiti wa mwaka 2012 ulikuta kama mtu mmoja kati ya wanne wa miaka 25 hadi 64 ana presha iliyopanda. Na nyuma zaidi, miaka ya tisini, watafiti walipima watu Ilala mjini Dar es Salaam na kijiji cha Shari wilayani Hai: karibu watatu kati ya kumi walikuwa nayo, waliojua hawakufika mmoja kati ya watano, waliokuwa kwenye tiba ni kama mmoja kati ya kumi, na ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa hawakufika hata mmoja kati ya mia. Lakini mume wangu hakuwa miongoni mwa wasiojua. Alijua. Ninyi mlijua. Imeandikwa mara nne kwa kalamu ya bluu.

Utasema bohari haijaleta. Kituo kikikosa dawa kule, kuna utaratibu wa mshitiri, umetangazwa nchi nzima, unaokiruhusu kununua kwa fedha zake kinachokosekana. Fedha za papo kwa papo zinaingia dirishani kila siku, nami nimeziingiza. Kamati ikae, iulize ni lini mara ya mwisho zilinunua amlodipine.

Utasema CTC ina wafadhili. Sawa, dawa za pale zimefadhiliwa. Je, rejesta? Je, simu ya kumuuliza mtu mbona hukuja? Peni na daftari kubwa la mistari havihitaji mfadhili. Na dawa ya presha si ile ya bei ya kutisha; ni miongoni mwa vidonge rahisi kabisa dukani.

Utasema mgonjwa mwenyewe aliacha dozi. Aliacha, nimeshakiri hapo juu. Lakini ile aliyoiacha ni ya Machi, aliyoinunua mwenyewe. Ya Septemba hakuiacha, iliisha.

Mwanangu alinisimulia habari ya Roosevelt, yule rais wa Marekani wa wakati wa vita. Machi 1944 daktari wa moyo alimkuta na 186/108. Mwaka uliofuata, tarehe 12 Aprili 1945, alilalamika kichwa, akaanguka, na presha yake ilisoma 300/190. Akafa siku hiyo hiyo. Mkubwa kuliko wote duniani, na madaktari wake hawakuwa na dawa ya kumpa kwa sababu ilikuwa bado haijatengenezwa. Namba zake za mwanzo na za mume wangu zinakaribiana sana. Tofauti ni kwamba dawa ya mume wangu ilikuwepo, dukani, ng'ambo ya barabara.

Ninaloomba si hospitali mpya wala mashine ya mamilioni.

Naomba dawa mbili za msingi za presha zisikatike kituoni, na zinapobaki kidogo kamati ijulishwe kabla hazijaisha, siyo baada. Naomba aliyetulia apewe za miezi miwili au mitatu, akaendelee na kazi yake. Naomba presha ihudumiwe siku zote za kazi. Jumanne ibaki kwa wanaohitaji kumwona daktari kwa kirefu. Naomba mashine tatu, na betri ziwe kwenye bajeti ya kituo badala ya pochi ya mgonjwa. Naomba kila mtu mzima anayeingia kituoni apimwe, hata kama amekuja na kidole kilichochomwa na msumari. Naomba rejesta yenye namba za simu, na wahudumu wa afya wa jamii wapewe majina ya waliopotea katika mitaa yao. Na orodha ya dawa zilizopo na zisizokuwepo ibandikwe ubaoni kila Jumatatu, tuione sote.

Naomba pia unijibu kwa maandishi ndani ya siku thelathini, ukiniambia lipi litafanyika, lini, na lipi haliwezekani kwa sababu gani. Ukisema halina fedha, niandikie ni kiasi gani. Tuna chama cha wavuvi hapa, na akina mama wa vikoba, hatujawahi kuulizwa.

Jambo la mwisho. Wiki mbili zilizopita nilimsindikiza mama mkwe, mhudumu akanitazama akasema, dada, kaa na wewe nikupime. Ikatoka 158/96. Alirudia baada ya nusu saa: 156/96. Akaniandikia amlodipine kwenye daftari jipya, akaenda chumba cha dawa kuniulizia, akarudi mikono mitupu na macho chini. Ni binti mzuri, ameniomba radhi kama kwamba kosa ni lake. Akaniambia nirudi Jumanne.

Nitakuja Jumanne, Ndugu Mganga Mkuu. Nitafunga cherehani saa mbili asubuhi na nitakuwa pale na daftari langu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi cherehani, mke wa fundi wa vyombo